Kadi ya Matundu Tisa

Wakati watu wanahamia kwenye vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Kilosa, na kazi yangu hasa ilikuwa kurudisha fomu.

Fomu zilitoka juu. Kila kaya ilikuwa na ukurasa mmoja wenye visanduku tisa, na kila kisanduku kilikuwa na sheria yake. Jina liandikwe kwa herufi kubwa. Umri uwe wa tarakimu, si maneno. Kisanduku kisiachwe wazi. Makatibu wa vijiji walizijaza kadiri walivyoelewa, na sisi tulizisoma mpaka macho yakauma. Ndipo nikachukua boksi la sabuni, nikakata humo kwa wembe kadi yenye ukubwa wa fomu, nikatoboa matundu tisa. Juu ya kila tundu niliandika kinachotakiwa kuonekana chini yake. Ukiilaza kadi juu ya fomu, unaona papo hapo palipo wazi, palipoandikwa maneno badala ya tarakimu, na mwandiko uliomwagika nje ya mstari.

Mkuu wangu, afisa mmoja mpole aliyependa sana mambo yaliyonyooka, aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii umejifunza wapi?"

"Nimeikata tu, Ndugu Afisa."

Akaagiza fomu yoyote isiingie daftarini bila kupitishwa kwenye kadi. Nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Tangu siku hiyo nilirudisha fomu nyingi. Mfugaji mmoja wa Tindiga, kwenye kisanduku cha ng'ombe, alijaziwa neno "wengi". Nikarudisha, nikaandika pembeni: tarakimu. Ikaja tena imeandikwa "wengi kidogo". Mzee mwingine alikuwa na wake watatu na kisanduku kilitosha mmoja. Jina la mke wa tatu lilipita ukingoni likaingia kwenye watoto. Hiyo nayo nikairudisha.

Kisha ikaja fomu ya mama mmoja wa Ulaya, kijiji cha huko huko Kilosa. Alikuwa mjane, mkuu wa kaya yeye mwenyewe, mwenye watoto wanne. Kisanduku cha tatu kiliuliza jina la mke. Kilikuwa wazi. Nikarudisha. Baada ya wiki mbili ikarudi imeandikwa jina la marehemu mumewe. Jina la mwanamume haliwezi kuwa la mke, nikarudisha. Mara ya tatu alikuja nayo mwenyewe, akiwa amepanda baiskeli ya shemeji yake mpaka Kilosa.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayenirudishia karatasi?"

"Ni mimi, mama. Kisanduku cha tatu."

"Kinataka nini?"

"Jina la mke."

"Wa nani?"

"Wa mkuu wa kaya."

"Mkuu wa kaya ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Alikaa kwenye benchi akafikiri. Hakukasirika, na hilo lilinisumbua kuliko kama angekasirika. Kisha akaomba kalamu. Alikuwa amejifunza kuandika kwenye darasa la watu wazima, akaandika polepole, herufi kubwa, bila kugusa mstari. Nikalaza kadi. Matundu yote tisa yalikuwa yamejaa. Katika tundu la kwanza palikuwa na jina lake, na katika la tatu palikuwa na jina lake.

"Sasa?" akauliza.

Ningeweza kumwambia kwamba haifai. Lakini kadi ilikuwa imeipitisha, na kadi niliikata mimi. Nikaiingiza daftarini. Akanishukuru, akaondoka na baiskeli ile.

Baada ya mavuno, afisa akaamua tuzunguke vijijini kuhakiki kaya kwa macho. Tulikwenda Ulaya kwa Landrova, mimi nimeshika daftari. Tulipofika kwa yule mama alikuwa anaanika mpunga. Afisa akamwamkia, kwa kuwa mama alimzidi umri kidogo, kisha akasoma.

"Mkuu wa kaya yupo?"

"Nipo."

"Na mke?"

"Nipo."

Afisa akatazama daftari, akamtazama mama, akarudi kwenye daftari. Mimi nilikuwa naangalia mpunga.

"Kwa hiyo wote wawili mpo."

"Wote wawili tupo, baba."

Akaweka alama ya vema. Katibu wa kijiji, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akaeleza kwamba kaya hiyo ilipimiwa shamba la watu wazima wawili kama daftari lilivyosema, na kwamba lote limelimwa. Afisa akaandika hilo pia.

Tulirudi mpaka tukakaribia mji. Ndipo akauliza, "Ile fomu uliipitisha kwenye kadi?"

"Niliipitisha. Matundu yote yalijaa."

Kesho yake aliita makatibu wote, akaagiza kwamba pale ambapo hakuna mke paandikwe MJANE. Lilikuwa agizo jema na nililifurahia kwa siku kumi hivi. Kisha fomu zikaanza kumiminika. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ukiandika MJANE karatasi hairudi. Wanaume wenye wake walio hai, wanaopika na kulima, waliandika MJANE. Yule mzee wa wake watatu aliandika MJANE mara moja, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulikaa ndani ya mstari. Kadi ilizipitisha zote. Kwa mujibu wa daftari letu, upande wote wa kusini ulikuwa umefiwa.

Siku hiyo nilikaa na rundo lile mbele yangu nikaona aibu, kwa sababu nilielewa kwamba watu hawa hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakijitahidi kunipa mimi ninachotaka.

Nikamwomba afisa ruhusa ya kwenda vijijini siku tatu kila wiki, nikajaze fomu mwenyewe mbele ya wenye kaya, na penye shida niandike maelezo nyuma ya karatasi. Alikubali, kwa sharti kwamba maelezo yasizidi mistari minne. Nilianzia Ulaya nikateremka mpaka Mikumi. Kwa mfugaji wa Tindiga nilikaa saa nzima kwenye kigoda tukiwataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, kwani kuwahesabu kwa idadi alikataa. Mkewe aliniletea maziwa. Idadi niliipata nikiwa njiani, kwa kukumbuka rangi.

Fomu zangu zilikuwa sahihi, lakini chache. Mwisho wa robo mwaka nikapata barua kutoka juu, ikiniuliza kwa nini kasi ya kazi imeshuka. Iliambatana na fomu ya kujieleza yenye visanduku sita.