Mlio wa Nyuma ya Ukuta

Redio ilikuwa ya baba, aliyefariki kabla ya vita, na antena yake ilikuwa imevunjikia kwenye shina. Niliitaka kwa jambo moja tu. Siku tulipokimbia kutoka kwetu Buterere, mama na mimi, binti yake, tulipita upande mmoja wa mashamba ya mpunga, kaka yangu akapita upande mwingine, na tangu hapo hatukupata habari zake. Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Bwiza, nyuma ya baa. Huko nikasikia watu wakisema kuna kipindi cha jioni, kwenye masafa mafupi, kinachosoma salamu za waliopotezana: jina, jina la baba, mtaa, kambi. Nikaamua kujifunza kusikia.

Maana kusikia nako kunajifunzwa. Nilidhani redio ni mlango, unausukuma unaingia. Kumbe masafa mafupi ni soko lisilofungwa. Nilikutana na Kurani ikisomwa kwa sauti tamu, Mfaransa akitaja bei ya kahawa, milio ya nukta na mistari isiyochoka, na kila mara sauti niliyoitafuta ilikuwa imeshaniponyoka chini ya kidole. Nikachuna waya wa shaba kwenye mota iliyoungua, nikautoa dirishani hadi kwenye mpapai. Mama alipouona alishika kiuno.

“Askari wakiona hiyo waya watasema tunaongea na waasi.”

Akatwaa kitenge chake kilicholowa, akakianika juu yake. Tangu siku hiyo antena yangu ilivaa nguo, na kila akifua ilibidi niikaze upya.

Lakini mama hakuwahi kukaa nami kusikiliza. Alisema anayesikiliza majina yale lazima awe tayari kwa lolote litakalosomwa, na yeye hakuwa tayari.

Tatizo likawa mlio. Mnung'uniko mnene, usio na pumzi, ulikuwa umelala palepale kipindi kilipokuwa, kama mbwa mbele ya mlango. Chini yake nilimsikia mtangazaji akisema majina, lakini jina hata moja halikufika zima. Sikutulia. Darasani kidole gumba changu kilizungusha gurudumu ambalo halikuwepo. Chakula nilikimeza nimesimama. Umeme ulipokatika, mlio ulikufa papo hapo na sauti zote zikasimama wazi, zimeoshwa. Ila haukukatika hata mara moja saa ya kipindi. Nikaanza kuombea giza, katika mtaa ambao kila mtu aliliogopa.

Ndipo nikawaza: kama mlio unakufa na umeme, basi unakula umeme, na kinachokula kina mahali kinapokaa. Redio ilitumia betri, nikaichomoa kwenye waya, nikaikumbatia na kuzunguka nayo uani. Chini ya mpapai mlio ulipungua. Karibu na jiko, vilevile. Nilipoukaribia ukuta wa baa, mlio ukanguruma hadi kifua kikatetemeka; upande wa pili wa ukuta ilikaa friza.

Niliingia baa na redio kifuani, kipande cha waya kikining'inia nyuma yake badala ya antena. Ilikuwa saa ya kujaa, watu wakinywa haraka kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Mwenye baa, mama mnene tuliyemwita patroni, alikuwa akifungua chupa.

“Patroni, naomba uzime friza. Kidogo tu, kipindi kiishe.”

“Nizime friza? Saa hii? We mutoto, redio imekupanda kichwa?”

“Inafanya kelele mu redio.”

“Friza yangu inafanya kelele! Na bwana yangu alikuwa anakoroma miaka yote, sikumuzima.”

Baa ikacheka. Fundi magari mmoja, Mwislamu aliyekuja pale kwa ajili ya limonadi na maneno, akainua chupa yake.

“Zima, patroni. Hawa bote banakunywaka bia ya moto.”

“We wa limonadi, nyamaza. Limonadi ya moto utaiweza?”

“Leo nitakunywa hata maji ya betri.”

Patroni alinigeukia. “Unatafuta nani mu hiyo redio?”

“Kaka yangu.”

Alivuta plagi ya friza ukutani.

Mlio ukabaki. Ulipungua kidogo tu, kama mtu aliyehama kiti. “Enjenyeri!” mmoja akanizomea, na masikio yangu yakawaka moto. Nikatazama juu nisiwatazame wao. Pale darini taa ndefu nyeupe ya neoni ilikuwa ikitetemeka.

“Na taa,” nikasema.

“Apana! Kisha utataka nizime na wateja!”

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Baa ikabaki na mwanga wa magharibi kutoka mlangoni, na mlio ukakatika kama uzi.

Sauti ya mtangazaji ikatoka nzima. Mlangoni nilimwona mama, aliyekuja kunirudisha nyumbani kwa aibu, amesimama na mkono hewani. Watu waliweka chupa chini taratibu. Majina yakapita, ya wana wa watu wengine. Kisha jina la kaka yangu. Jina la baba. Buterere. Kambi moja upande wa Tanzania. Anaomba, mtangazaji akasoma kwa sauti ileile, anayejua mahali mama yake na dada yake walipozikwa amjulishe.

Mama alivuka baa akiwasukuma watu, akainamia redio mikononi mwangu.

“Tuko hapa! Mwanangu, hatukufa! Tuko hapa Bwiza!”

Mtangazaji alikuwa ameshaanza jina jingine.

“Mwambie,” mama akaniambia. “We ndiye unaijua. Mwambie.”

Nilitazama gurudumu, swichi, matundu madogo ya spika. Miezi yote ile nilikuwa nimejifunza kuingiza sauti. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kugusa ili itoke yangu.

Mama akageuka kuelekea barabarani. Mjini kulikuwa na ofisi iliyopokea salamu hizo, alijua, kila mtu alijua, ingawa yeye hakuwahi kuthubutu kuikanyaga. Patroni akasimama mlangoni kwa mwili wake wote.

“Wamefunga, mama. Na njiani ni askari sasa. Kesho asubuhi tutaenda wote, mi nitafunga baa.”

“Na usiku huu alale tena akijua mi nimekufa?”

Patroni alimvutia kreti ya bia, na mama akakaa juu yake, uso kwa barabara, viatu miguuni.