Niliyatia Wino Macho ya Katuni, Nikamsingizia Mavyaa Yangu

Jina langu nisitirieni, kosa langu sitaki lisitiriwe. Nililifanya kwa mkono wangu, nikalikana kwa mdomo wangu, na mpaka leo naishi nalo nyumba moja. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi mnivumilie, naandika kama ninavyosema.

Tupo Birmingham, upande wa Perry Barr. Kabla ya hapa tulikuwa Rotterdam, Uholanzi, mimi, mume wangu na binti yetu Salma. Tulihama kama walivyohama wengi wa kwetu waliokuwa kule, tukitaka mtoto asome kwa Kiingereza na awe karibu na chuo cha Kurani. Sasa Salma ni msichana mkubwa. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu Kiingereza.

Katika kuhama huko, mume wangu alibeba kitu alichokipenda kuliko mazulia na masufuria yetu yote. Magazeti ya katuni! Lilikuwa gazeti la Kiholanzi la kila wiki, si la watoto wadogo, ni la wale wanaojua kusoma vizuri na wanataka hadithi za safari, za mapigano na za vichekesho. Kila hadithi wanakupa kurasa mbili tatu, wanakukatia pale pale penye utamu, ungoje wiki ijayo. Yeye alipofika Uholanzi alikuwa kijana asiyejua neno, na gazeti hilo ndilo lililomfundisha lugha. Anatazama picha kwanza, maneno anayaelewa baadaye.

Hakuridhika na ya wakati wake. Siku ya sherehe ya malkia wao, watoto wa kule hutandika mablanketi njiani wakauza vitu vyao vya zamani. Mume wangu alikuwa akipita blanketi kwa blanketi akiyatafuta ya miaka ya nyuma, mpaka akawa nayo karibu yote tangu lilipozaliwa. Alikuwa akinisimulia nikiwa nakata vitunguu.

"Yalikuwa magazeti mawili haya, Mama Salma, yanagombania watoto wale wale. Yakaoana, likazaliwa hili. Halafu likabadilishwa jina. Halafu jina jingine tena. Kila likibadilishwa jina linazidi kukonda, mpaka likafa."

"Maskini," nikamwambia, "kama mgonjwa anayehamishwa kwa kila mganga."

Alicheka mpaka akakaa chini. Jamani, tulikuwa tunacheka sisi!

Baadaye baba yangu akafariki Unguja. Kwetu maiti halazwi, na habari iliponifikia alikuwa ameshazikwa. Sikumwona. Kilichonibakia ni kumsomea hitima hapa hapa nyumbani kwangu, nikawaalika kina mama tunaosali pamoja.

Sasa, muda mfupi kabla ya hapo, Bi Nuru anayetusomesha darsa alisema nyumba yenye picha za viumbe malaika hawaingii. Nataka niwe wa haki: hakunitaja, wala hajawahi kuingia ukumbini kwangu. Alisema kwa wote. Mimi ndiye niliyechukua maneno yale nikayavaa.

Ukumbini ndiko yalikokuwa, rafu zimejaa ukuta mzima. Nikawaza, dua za baba yangu zisomwe mbele ya macho yote yale? Ningemwambia mume wangu tuyapandishe darini, angekubali, namjua. Lakini nikaogopa, dari nayo si nyumba hiyo hiyo? Nikakumbuka niliyoyasikia utotoni, kwamba picha ukiifuta macho haina tena uhai. Sikumuuliza mwenye elimu. Ujinga wangu huo!

Nikachukua kalamu nene nyeusi. Mume wangu yuko kazini, Salma yuko skuli, mavyaa yangu, mama wa mume wangu tunayekaa naye, kajilaza baada ya adhuhuri. Nikaanza na majalada. Nikafungua ndani, loo, kila ukurasa watu! Mabaharia, askari, watoto, mbwa, hata jua limechorwa macho. Nikafuta. Kila nilipobaki peke yangu nikafuta, vidole vimejaa wino, naosha kwa ndimu kabla hawajarudi.

Hitima ikasomwa vizuri. Nililia, moyo ukapoa. Magazeti nilikuwa nimeyarudisha kwenye rafu kama yalivyokuwa, migongo nje, hakuna aliyejua. Kwa Mungu sijui nilipata au nilikosa, hilo nawaachia wenye elimu. Kwa mume wangu nilikosa.

Miezi ikapita. Siku moja rafiki yake wa Rotterdam akampigia simu kwamba lile gazeti linafufuliwa, litatoka tena! Alipiga kelele nyumba nzima.

"Salma, shuka! Mama, na wewe njoo! Maiti kafufuka! Njooni niwaonyeshe alikozaliwa!"

Mavyaa yangu akaja taratibu, akakaa. Mama huyu alitoka Unguja kuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa ameanza kusahau. Ataacha birika kwenye moto, ataniita kwa jina la dada yake. Si zaidi ya hapo. Na alikuwa bingwa wa achari, akijaza makopo na kuyaandika kwa kalamu ile ile nene nyeusi.

Mume wangu akafungua la kwanza. Akalifunga. Akafungua jingine.

"Dad," Salma akasema, "where are their eyes?"

Akafungua jingine, na jingine. "Nani?" akauliza. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele!

Nikasema: "Kalamu ile huwa anaishika mama."

Maneno hayo tu. Wala si uongo, maana kweli huishika. Ndio ubaya wake!

Mavyaa yangu akatazama mikono yake, hii na hii. "Mimi?"

"Hapana, mama, hakuna aliyesema…" mume wangu akaanza.

"Huenda, mwanangu. Siku hizi mimi sijijui. Nisamehe."

Na mimi nikaenda kupika chai.

Tangu siku hiyo nyumba ikanibana. Mume wangu hakumkemea mama yake hata mara moja. Alificha kalamu, mikasi, viberiti. Akatia kufuli mlango wa jikoni. Akampeleka kwa daktari, na kitu cha kwanza alichomweleza daktari ni magazeti. Mama akaacha achari. Nikimwambia, "Mama, nisaidie kukanda unga," anaificha mikono ndani ya kanga. "Nisije nikaharibu, mwanangu." Sawa, alikuwa akisahau, sitaki kujisafisha wala kuongeza chumvi. Lakini woga ule niliupanda mimi.

Nikashindwa kuvumilia. Asubuhi moja tukiwa wawili nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alinisikiliza, akanishika kichwa.

"Nyamaza," akasema. "Usimwambie. Wewe anaweza kukuacha. Mimi ni mama yake, ataniacha aende wapi?"

Akacheka kidogo. Nikambusu mikono, nikashukuru. Nilidhani nimefunguliwa. Kumbe nimefungiwa kwa nje! Wiki haikupita, tumekaa tunachambua mchele, akaniuliza kwa unyonge: "Hivi mwanangu, kwa nini niliyafuta macho yale? Nilikuwa nawaza nini?"

Alikuwa amesahau niliyomwambia. Nikamwambia tena. Akanisamehe tena, akanikataza tena, kwa maneno karibu yale yale. Baada ya siku chache akauliza tena. Nilikuwa naungama kwenye kikapu kilichotoboka. Na kila alipokuwa hakumbuki, alijiona mkosa upya.

Mwisho mume wangu akaniambia atamrudisha Unguja kwa dada yake mama, maana mchana yeye yuko kazini na mimi peke yangu siwezi kumlinda kila saa, leo magazeti, kesho moto. Mama aliposikia hakubisha. Aliuliza tu, "Ndiyo kwa sababu ya yale?"

Hapo nikasema. Mbele yake, mbele ya Salma. "Si yeye. Ni mimi. Kwa ajili ya hitima ya baba."

Mume wangu alinigeukia.

"Magazeti ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Ungeniambia ni kwa ajili ya baba yako, ningekushikia kalamu. Lakini ulikuwa unanitazama namfungia mama yangu mlango!"

Hakuniacha. Ananisalimia, ananiletea mahitaji ya nyumba, basi. Tukikutana kwenye ngazi tunapishana kama wapangaji. Salma akitaka kuniambia kitu anamwambia baba yake.

Safari ya Unguja ilifutwa. Jioni hiyo hiyo mume wangu alikwenda kukaa miguuni mwa mama yake. "Mama, hukufanya wewe. Sikia, hukufanya."

"Kufanya nini, mwanangu?"

Magazeti hayakumbuki tena, wala wino, wala msamaha wangu. Mlango wa jikoni uko wazi, kalamu imerudishwa, makopo matupu yamepangwa. Anapita pale, anasimama, anarudi kukaa, mikono ndani ya kanga. Ukimuuliza anaogopa nini, anasema hajui.

Wenzangu, kosa la mkono liseme siku hiyo hiyo, upigiwe kelele, uachwe ukibidi kuachwa. Usilibandike kwa mtu asiyejiamini. Sababu anaweza kuisahau, kisha woga ukabaki, na hutapata pa kuanzia kuutoa. Mimi kila siku natafuta.