Daktari Aliyeomba Kuongezewa Bada

Daktari akikuchekea, shika mfuko. Hilo sikufundishwa shuleni. Nimejifunza kwa mama yangu, ambaye amechekewa na wataalamu wengi, na kila mmoja amemwachia kitu: mmoja kopo la unga wa kijani uliomfanya ahamie chooni, mwingine chai ya majani iliyonuka kama soksi za bweni, mwingine mawaidha.

Mama yangu ni mnene. Naandika hivyo bila kuogopa kofi, maana kijijini kwetu, juu kidogo ya Lushoto kwenye barabara ya Mlalo, neno hilo si tusi. Mtu akitoka mbali anamwambia, "Hee, umenenepa, hongera, mzee anakutunza!" Na mzee mwenyewe, yaani baba, yuko njiani na lori la kabichi kwenda Dar. Hatunzi mtu, anatunza tairi.

Shida yetu ni mlima. Huku kila kitu kiko juu au kiko chini: shamba juu, kisima chini, kanisa juu, duka chini. Magoti ya mama yaligomea kanisa kwanza, akaacha kwaya. Kisha yakagomea shamba. Halafu sukari ikapanda, presha ikaona isiachwe nyuma. Akilala anakoroma, anakatika kimya, kisha anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kisimani. Darasani nilikuwa namwiga, wenzangu wanavunjika mbavu. Nyumbani nilikuwa nalala huku nikiisubiri ile pumzi inayofuata.

Aliposikia redioni kwamba upo upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, hakumwambia mtu. Aliniambia mimi, tukimenya viazi.

"Nataka daktari mmoja," akasema. "Mmoja tu. Anijue, nimuulize bila kuchekwa, aniambie kama nifanye au niache."

"Daktari wa familia, kama kwenye tamthilia."

"Huyo huyo."

"Mama, huku daktari ni wa zamu. Ukirudi kesho unamkuta mwingine anakuuliza upya umezaliwa lini."

Hakucheka. Mama yangu hucheka hata misibani, kwa hiyo nikajua ana nia. Nikaogopa. Kisu cha tumbo si kisu cha viazi.

Tulianza na zahanati. Tabibu wa pale alimpandisha mama kwenye mizani, mshale ukazunguka ukagota mwisho, ukakaa hapo kama umeona aibu kurudi. Tabibu akasema kwa sauti ya kutosha benchi zima, "Mama, wewe nenda Soni, sokoni, kuna mizani ya viazi." Benchi likaangua kicheko. Mama naye akacheka, tena wa kwanza. Ndiyo kawaida yake, anacheka mapema ili wasimtangulie. Wa pili tulimkuta mjini Lushoto. Huyo hakuinua hata macho. "Funga mdomo, mama. Hiyo ndiyo operesheni yenyewe." Tulipotoka nje mama alininunulia mapeasi, yeye hakuonja hata moja mpaka tunafika nyumbani.

Basi tulipofika kwa wa tatu, kituo cha afya kingine, nilikuwa nimeshanoa macho. Daktari mwenyewe kijana, mwembamba kama bua la mahindi, kahamia juzijuzi. Tulipoingia, akatoka nje ya chumba, akarudi na benchi, akaondoa kile kiti chenye mikono ambacho mama angekaa nusu. Nikajiuliza: nani amemwambia tunakuja?

Akaanza kuuliza. Anakula nini, nani anapika, analalaje, kazi gani inamshinda. Akamuuliza, "Ukipungua, ungependa kufanya nini ambacho sasa huwezi?"

Mama akainamisha kichwa kama msichana anayeposwa. "Kuimba. Kwaya iko juu kule."

Nilimkazia macho daktari nione kama mdomo utacheza. Haukucheza. Mizani yake ilikuwa stoo, ile kubwa ya kusimama, na alifunga mlango kabla ya mama kupanda. Kuhusu upasuaji alisema, "Ni upasuaji wa kweli, na haufanyiki hapa. Unafanyika hospitali kubwa, nao watakupima kwanza wajue kama unakufaa. Una faida na una hatari zake. Sitakukataza, wala sitakusukuma. Tutaliangalia pamoja, mimi na wewe na watu wa nyumbani kwako."

Mama alitoka pale anang'aa. Mimi nilitoka nikisema moyoni: anauza nini huyu?

Nikaamua kumtega. Daktari tapeli humjui kwa sura, unamjua kwa mtu asiyeumwa: akimpa dawa, basi ni tapeli. Siku moja baada ya vipindi nikapita kituoni na sare zangu, nikakaa foleni nikijishika kichwa.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Unasumbuliwa na nini?"

"Nywele zinaniuma. Kwa ndani."

"Zote?"

"Za upande wa kushoto."

Akanipima joto, akanitazama macho, ulimi, akasikiliza kifua, kwa utaratibu kabisa kama anayepima mgonjwa. Kisha akaketi. "Huna ugonjwa ninaouona. Sikupi dawa. Mama anaendeleaje?"

Kumbe! Alinijua tangu mlangoni na akaniacha niimalize tamthilia yangu. Mtu wa hivyo ni wa kuogopwa zaidi. Nilipokuwa natoka akaniita. "Mwambie mama Jumapili hii nitakuja kuwatembelea, akipenda. Nitakuja na njaa."

Ahaa! Nikateremka mteremko nikijipongeza. Huyu hauzi unga, huyu anatafuta kuku.

Nyumbani mama alikuwa ameshaitoa ile siri ya upasuaji, na kulikuwa na mtu mmoja tu anayemshuku daktari kunishinda, naye ni bibi, mama yake baba, ambaye anaishi nasi. Mimi na bibi tunataniana, ananiita mke mwenzie kwa sababu ya babu, ingawa babu alishafariki kabla sijazaliwa. "Mke mwenzangu," akaniambia huku akichambua majani ya maboga, "huo upasuaji ni wa nini? Mwanangu alitoa mahari ya mwanamke mzima, sasa wanataka kumrudishia nusu?"

"Labda watarudisha na chenji, bibi."

"Na akikonda, watu watasema nini? Watasema ana ule ugonjwa. Au watasema mama mkwe anamnyima." Akatupa shina. "Mimi! Nimnyime mtu!"

Hapo ndipo penyewe. Bila bibi hakuna upasuaji. Baba kwenye simu alishasema, "Mama akikubali, na mimi nimekubali," halafu akasema mtandao unasumbua. Na mama alisema hawezi kwenda kulazwa huku nyuma mkwewe amenuna.

Jumapili daktari akaja baada ya ibada, kwa miguu, viatu vina matope mekundu. Akamwamkia bibi vizuri, mpaka akainama. Bibi akaitikia marahaba ya kukagua, ile ya kutoka puani. Kuku alikuwa ameshauawa. Bada ikaletwa, ndiyo sisi Wasambaa tunavyouita ugali, moshi unapanda hadi darini.

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu mwenyeji hanawi kabla ya mgeni. Mgeni akiwa bado anakula, na wewe unakula. Ukiacha, umeshamwambia asante kwa kuja, mlango ule pale. Na baba akiwa safarini, na yuko safarini siku zote, mwenyeji wa nyumba yetu ni mama. Hakuna aliyewahi kukaa akalitafakari hilo. Nani anatafakari kunawa mikono?

Daktari akala. Nilidhani bua la mahindi litadonoa kama ndege. Lo! Alikula polepole, tonge moja, anauliza habari za bei ya viazi. Tonge lingine, anauliza mvua. Sahani ikakauka. Akasema, "Mama, naomba kuongezewa bada kidogo." Mama akamwongezea, akajiongezea na yeye. Wakala. Akaomba tena. Bibi akanikanyaga mguu chini ya meza. Mimi nimeshashiba zamani, nahesabu vipande vya kuku vilivyobaki na kukiombea kila kimoja. Mara ya tatu akanyoosha sahani, anatabasamu kama mtu asiye na haya. Mama akainuka kwa shida, akaleta supu, akakaa, akajipakulia, jasho linamtoka juu ya mdomo.

Ndipo daktari akaweka tonge chini.

"Mama, ulishiba saa ngapi?"

Mama akacheka kicheko chake cha kutangulia. Daktari hakucheka.

"Nilishiba kitambo," mama akasema. "Kabla sijafuata supu."

"Mbona umeendelea?"

"Kwa sababu wewe unakula."

Nje mbuzi wa jirani akalia kama naye ameelewa.

"Wageni hapa huja mara nyingi?"

"Kila Jumapili," nikadakia. "Na Jumatano wa jumuiya. Na anayepita tu."

Daktari akamgeukia mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini hakuipaka sukari. "Wakikufanyia upasuaji, tumbo lako litakuwa dogo sana. Utakula vijiko vichache, polepole, na ukishiba unaacha hapo hapo. Ukilazimisha, utatapika, utaumia, na mwanzoni kabisa, kabla kidonda hakijapona, inaweza kuwa hatari kubwa. Mgeni kama mimi anaweza kukudhuru, tena kwa adabu. Nilitaka nione meza yako kabla sijakuandikia chochote."

Mama aliitazama sahani yake kama mtu aliyeonyeshwa picha yake asiyoijua. Mimi nilimtazama daktari. Mtu huyu alikuja kwetu, akala kuku wetu nusu nzima, ili kumtega mama kama mimi nilivyomtega yeye na nywele zangu. Sikujua nimchukie au nimwombe anifundishe.

Bibi ndiye aliyemjibu. "Kwa hiyo adabu zetu ni ugonjwa?"

"Hapana, bibi. Mimi ni mtoto wa Bungu, milima hii hii. Mama yangu hadi leo hanawi kabla ya mgeni. Ndiyo maana nilijua niombe mara ngapi."

"Bungu," bibi akasema, kama anayelionja neno kujua lina chumvi. Mgeni alipoaga, bibi hakutoka kumsindikiza, na kwetu hilo ni tusi dogo.

Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini mama alipojiandaa kurudi kituoni, tulimkuta bibi mlangoni amejifunga kitenge cha kutokea, fimbo mkononi. "Twende. Nina swali langu."

Alifika, akakaa kwenye lile benchi, na swali lake halikuwa la tumbo wala la kisu. "Huyu mkwe wangu akipasuliwa huko mbali, akarudi hapa hali chakula, watu wananyoosha vidole, wewe utakuwepo?"

Nikajisogeza mbele. Hapa, nikasema, hapa tapeli atajianika. Tapeli yeyote angesema ndiyo mara moja, mkono juu ya moyo.

Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kuahidi," akasema. "Mimi ni mtumishi, wakinihamisha nitahama. Ninachoweza kuahidi ni kwamba sitamwacha na aliyeko zamu. Nitamkabidhi mkononi kwa mtu ninayemwamini, nikiwa nimekaa naye hapa hapa. Na simu yangu atakuwa nayo. Na akiamua kutofanya upasuaji, nitakuwa daktari wake vile vile."

Niliutafuta uongo ndani ya hayo maneno, nikayageuza kama mnunuzi anavyogeuza nyanya sokoni. Sikuupata. Haina maana kwamba haumo.

Mama akamtazama bibi. Bibi akatazama dirisha. "Mwenye tumbo ni wewe," bibi akasema mwishowe.

"Basi niandikie, daktari," mama akasema. Na hakucheka, wala kabla wala baada.

Sasa tunasubiri hospitali kubwa wamwite wampime, waseme kama anafaa. Huenda wakasema ndiyo, huenda hapana. Daktari bado yuko, nimepita kuhakikisha, mara nyingine bila hata kusingizia ugonjwa. Namchunga.

Lakini Jumapili iliyopita alikuja mgeni, mzee wa kanisa, mlaji maarufu hadi Mlalo. Mama akapakua kidogo, akala polepole, akaanza kushiba. Nikaiona ile hofu usoni mwake, mkono unataka kurudi kwenye bada. Bibi akasogeza kigoda chake, akaivuta sahani ya mama mbele yake.

"Leo mgeni ni wangu," akatangaza. "Wewe nawa, mwanangu."

Mama akanawa. Mzee wa kanisa akamtazama, akamtazama bibi, akaona bibi anakula, basi akaendelea. Bibi ana meno machache, na hayaelewani. Alitafuna, akatafuna, mzee akaomba kuongezewa, bibi akajiongezea, jasho likamtoka yeye safari hii. Mzee aliponyoosha sahani tena, bibi akanigeukia, shavu limejaa.

"Mke mwenzangu," akaninong'oneza, "sogea unipokee. Huyu hashibi."