Siku Niliyoipa Redio Saa Yetu

Naona aibu hata kuandika, na kama si kwamba nusu ya Morogoro walikwishasikia kwa masikio yao ningelinyamazia hadi kaburini, lakini ndiyo hivyo, mimi Rashidi, fundi mitambo wa redio yetu ndogo ya jamii, ndiye niliyesababisha jogoo awike hewani saa tano asubuhi huku jua linachoma bati. Jogoo mwenyewe anachekesha, sikatai. Kilichokuwa nyuma yake hakichekeshi.

Redio yetu inaendeshwa na laptop moja kuukuu. Betri yake kubwa ilikufa zamani tukaitoa, ikawa inakula umeme wa ukutani moja kwa moja, na ile betri ndogo ya saa, kidude cha duara kama kifungo cha koti kinachoitunzia kompyuta tarehe na saa hata ikizimwa, nilijua imechoka ila nilikuwa naahirisha kuibadilisha (kesho, kesho, mnanijua). Humo ndani kuna programu inayorusha vipindi yenyewe kwa kuifuata saa ya kompyuta, muziki saa fulani, mawaidha saa fulani, na kila saa kamili mchana matangazo ya vifo. Watu wa milimani, kule Mgeta na juu zaidi ambako simu hushika ukipanda jiwe, huwasha redio saa kamili wasikilize nani katutoka, kisha huizima kutunza betri.

Asubuhi hiyo mvua ilikata umeme na intaneti. Umeme ukarudi, intaneti, ambayo huisahihishia kompyuta saa, ikagoma. Mzee Mkude alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi letu na karatasi ya daftari mkononi. Mdogo wake alikuwa amefariki alfajiri hapa mjini, na jeneza lingetoka nyumbani saa tisa na nusu. Dada yao mkubwa, Bibi Mwanaidi, anaishi Mgeta, na simu haimpati.

"Mwanangu," akaniambia, "mama yetu alikufa huyu bado ananyonya. Dada ndiye aliyemlea. Akikosa kuuona uso wake, sijui nitamwambia nini."

Lori la mwisho la kabichi hushuka kutoka Mgeta saa sita. Kwa hiyo tangazo lilipaswa kumfikia kabla ya hapo, na wa kulifikisha nilikuwa mimi.

Nikawasha laptop. Ikaniandikia kwenye skrini nyeusi kwamba haijui tarehe wala saa, nibonyeze kitufe nikairekebishe. Ningebonyeza kimya kimya mambo yangeisha, lakini tulikuwa na wanafunzi watatu wa chuo waliokuja mafunzo kwa vitendo, nami (mtu wa sifa, nakiri) nikawaita, "Njooni muone kompyuta kabla haijavaa nguo!"

Wakaja. Nikawaonyesha ukurasa wa BIOS, ule wa mipangilio ya msingi ya mashine, na hapa naomba mnielewe, mimi ule ukurasa unanishangaza hadi leo. Sisi tunaona picha na madirisha tunadhani ndiyo kompyuta, kumbe chini yake kuna mwingine anayeamka kwanza, gizani, kabla ya wote, anajikagua: kumbukumbu ipo, diski ipo, feni inazunguka, nianzie wapi kuwaamsha wengine? Rangi mbili tu, maandishi tu, kipanya hakifanyi kazi. Kila nikiingia humo mwili hunisisimka, nashusha na sauti. Nikawaeleza wanafunzi kwamba ukiandika kitu humu, kila kilicho juu yake kinakubali bila kuuliza.

Tarehe nikaweka vizuri kabisa. Nikageuka na mikogo yangu, "Saa ngapi sasa hivi?"

Mzee Mkude akatazama saa yake ya mkononi. "Saa tatu na nusu, mwanangu."

Nikaandika 03:30. Nikahifadhi. Nikatoka. (Ndiyo. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kunapokucha, na mtoto wa shule ya msingi anajua kuongeza sita. Simu yangu ilikuwa mfukoni imeandika 09:30. Hamna mnachoweza kunitukana ambacho sijajitukana.)

Mama Salha, mtangazaji wetu na bosi wangu, akalirekodi tangazo, nikalipanga saa nne, saa tano na saa sita, kwa namba sahihi za kompyuta safari hii, 10:00, 11:00 na 12:00, kisha yeye akaenda sokoni kuhoji wafanyabiashara na mzee akarudi msibani. Redio ikawa inapiga magitaa laini ya usiku. Nikayaona matamu, nikapunguza sauti ya spika ili wanafunzi wanisikie vizuri nikiendelea na somo la BIOS. Saa nne ikapita mimi nikiwaeleza kazi ya feni.

Saa tano kamili simu ikalia, Mama Salha, na nyuma yake soko zima linacheka.

"Rashidi! Jogoo anafanya nini hewani?"

Nikaongeza sauti ya spika. Kweli, jogoo anawika, na sauti ya Mama Salha mwenyewe iliyorekodiwa inawaambia watu amkeni, kumekucha, Mungu ametupa siku nyingine. Simu ya studio nayo ikaanza. Mmoja akasema huyo jogoo mchinjeni, amechelewa kazini. Mwingine akauliza kama tumehamia nchi nyingine. Mwanafunzi mmoja, binti mpole, akasogea kwenye skrini akasema taratibu, "Kaka Rashidi, hapa chini imeandika saa kumi na moja alfajiri."

Ndipo nikaelewa. Namba moja! Nimeiandika mara moja, na mashine nzima imeniamini, muziki umeniamini, jogoo kaniamini, hakuna hata kimoja kilichoniuliza una uhakika? Wakati bado naitazama skrini mlango ukafunguliwa, Mzee Mkude, kanzu imeloa matope.

"Nimekaa na redio tangu saa nne, mwanangu," akasema. "Sijamsikia mdogo wangu."

Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Nilikuwa sijawahi kuongea hewani maishani, lakini nilikizima kila kitu nikafungua kipaza sauti, nikasoma ile karatasi mara tatu, nikaomba radhi, nikasema aliye karibu na Bibi Mwanaidi amkimbilie, lori linaondoka saa sita. Nikijua kabisa kwamba yeye mwenyewe kwa desturi ameshazima redio yake.

Msibani nilikwenda, nisingeweza kutokwenda. Saa tisa na nusu bibi hajafika. Shehe akasubiri, akasubiri tena, mwisho akasema mvua inarudi. Tukalinyanyua jeneza, bega langu likiwa chini yake, tumeshapiga hatua kama kumi, lori likakata kona na honi.

"Shusheni," akasema Mzee Mkude.

Watu wakatazamana. Shehe akainamisha kichwa kukubali. Tukashusha.

Bibi Mwanaidi aliteremshwa kutoka juu ya matenga ya kabichi, mdogo wa umbo, amelowa hadi kilemba. Wakamfunulia uso wa mdogo wake. Akamtazama, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata Mzee Mkude alikuwa amelisahau, akamfuta tone la mvua kwenye paji la uso.

Nilikuja kuambiwa kwamba mama mmoja aliyekuwa anavuna maharage ndiye aliyenisikia, akapiga ukelele ng'ambo ya bonde, wa ng'ambo akaupeleka kwa wa juu, mlima kwa mlima hadi shambani kwa bibi, hakuna waya, hakuna betri. Bado natafuta maneno ya kulielezea hilo.

Jioni nikamfuata. "Shikamoo bibi. Ndiye mimi wa redio."

"Marahaba." Akanitazama bila hasira. "Saa nne niliwasha, baba. Nikasikia muziki tu, hakuna kifo. Nikamshukuru Mungu kwamba wangu wote ni wazima, nikaenda shamba naimba."

Betri ya saa niliibadilisha kesho yake. Na kwenye ule ukurasa siingii tena na watazamaji: naandika namba kwenye karatasi kwanza, naisoma kwa sauti, namwita Mama Salha aisome naye, ndipo nahifadhi. Wenzangu wananicheka kwamba naisalia kompyuta. Wacheke tu. Wao hawajui kuna mtu kule juu kaimba shambani kwa sababu aliniamini.