Kizimba cha Uzi Mwekundu

Sikuwahi kumwamini yule mzee. Niseme mapema, kabla mtu hajaniletea maneno ya upole. Ilikuwa 2008, miezi michache baada ya moto wa Januari, ule wa vurugu za uchaguzi, na pale Njoro hata salamu ulikuwa unaipima kabla ya kuijibu. Alikotoka yeye na nilikotoka mimi ni pande mbili. Wenye kujua wanajua.

Mimi na yeye tulikuwa vibarua kwa daktari mmoja wa chuo. Si daktari wa hospitali, wa wadudu. Alikuwa anafuga mbu. Kila mmoja wetu alipewa kizimba chake cha wavu, cha mzee kimefungwa uzi wa buluu, changu uzi mwekundu. Jumatatu mzee analeta damu ya ng'ombe kutoka kichinjioni ndani ya thamosi, tunaipasha moto, mbu wanakunywa. Siku tatu baadaye tunatoa karatasi yenye unyevu waliyotagia na kuhesabu mayai kwa lenzi, vitu vyeusi vidogo kama masizi. Kisha tunayaweka majini tuone yatakayoanguliwa.

Daktari alishatuambia kwamba mwisho wa mwezi pesa za mradi zitatosha kibarua mmoja tu. Nikajiambia atabaki mwenye mayai mengi. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minane, na baba yake alikuwa amezima simu tangu Februari. Hiyo kazi sikuwa naiachia mtu.

Karatasi ya mzee ilijaa mayai mpaka pembeni. Yangu yalikuwa machache ya kusikitisha, na mengi hayakuanguliwa.

"Mathe, mbu wako wanapanga uzazi?" mzee akaniuliza; mathe kwake ni mama. "Umewapeleka kliniki gani?"

"Uliza thamosi yako, mzee."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Nilipokuwa na mimba nesi alinivuta kope, akasema damu ni kidogo, akanipa tembe za chuma. Kwa hivyo nilijua kwamba bila chuma kwa damu, mtoto hapati nguvu. Na nilikuwa nimemwona mzee akimimina damu ya kizimba chake kwanza, yangu mwisho, amenipa mgongo. Nikakata shauri kwamba anaitia maji chuma kipungue, na labda usiku anakifungua kizimba changu. Nikaanza kufunga mdomo wa kizimba changu kwa fundo ambalo nyanya yangu alifungia ndama, fundo ambalo mtu baki hawezi kulirudia. Kila asubuhi nililikuta vilevile. Ungedhani ningetulia. Wapi! Niliona tu kwamba ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Ijumaa moja daktari alikuwa anasoma daftari langu la hesabu na macho yanamng'aa kidogo. Nikajua ananicheka.

Wiki ya nne nikamwendea. "Daktari, mzee anawapa mbu wangu damu ya maji. Nyingine sijui anaipeleka wapi." Hiyo ya pili niliitunga nikiwa mlangoni.

Daktari akamwita askari wa lango. Mfuko wa mzee ukamwagwa mezani, sweta, ndizi mbili, na redio ndogo isiyo na kifuniko cha betri. Hakukuwa na kingine.

Ndipo daktari akafunga mlango, akachukua bahasha iliyokuwa juu ya friji tangu siku ya kwanza, akaichana mbele yetu. Ndani ilikuwa imeandikwa kwamba mbu wa uzi mwekundu walidungwa dawa kabla hatujakabidhiwa, dawa ya kuzuia mwili wao usitengeneze protini fulani.

"Mbu akishakunywa damu, chuma kilichomo ni kama makaa," alisema. "Ile protini ndiyo jiko lake. Inayashika makaa yasimuunguze, na mengine inayapeleka kwenye mayai. Mimi nimewanyang'anya jiko. Damu yenu ilikuwa moja."

"Kwa hivyo mayai kuwa machache..."

"Ndiyo nilikuwa natafuta. Umehesabu vizuri sana."

Nikapandwa na hasira. "Wiki nne nahesabu nikijua nafukuzwa, na wewe unafurahi? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungehesabu ukitafuta uchache."

Hilo likaniudhi zaidi. Mpaka leo nasema angeweza kutuambia jambo moja tu, kwamba si mayai yatakayoamua nani abaki. Hilo halikuwa siri ya mbu.

Mzee alikuwa anakunja sweta yake polepole. "Mwaka huu nimepekuliwa ya kutosha," alisema, bila kumwangalia yeyote. "Januari vijana waliofunga barabara walitaka kitambulisho, wajue natoka upande gani. Leo nimepekuliwa kwa ajili ya mbu."

"Mzee, kaa kwanza tuongee," daktari akasema.

"Ongea na mathe. Si anahesabu vizuri?"

Akatoka. Ndizi aliziacha mezani.

Naweza kuandika kwamba nilimkimbilia mpaka langoni nikamwomba msamaha. Nitakuwa nadanganya. Nilikaa pale pale kwenye kiti, na kitu cha kwanza kilichonipita kichwani ni kwamba nafasi sasa ni yangu, mtoto atakunywa maziwa. Aibu ilikuja baadaye, wiki iliyofuata, nikihesabu karatasi zote mbili peke yangu.