Malkia wa Mapepo Alivyoongea Kama Mama

Niliapa kwamba nimeitazama filamu ile mara mbili, na sikuwa nimeitazama hata dakika moja. Nalisema mwanzoni ili msije mkadhani naficha.

Niliyemwapia ni mzee mwenye banda la video nyuma ya soko la Mwanga. Dijei wake, yule anayeshika maiki na kututafsiria filamu za nje papo hapo huku tunatazama, alikuwa amekwenda Simbo kumwoza dada yake. Kiti cha dijei nilikuwa nakitamani tangu darasa la tano. Akikaa pale mtu akakohoa tu, banda zima linanyamaza. Hata mwalimu wetu wa nidhamu hajafikia hapo.

"Nakupa Jumamosi moja, mchana," mzee akasema. "Filamu chagua mwenyewe. Watu wakitoka kabla haijaisha, maiki utaisikia ukiwa kwenu."

Nikachagua iliyotokana na gemu ninayoijua kuliko jedwali la kuzidisha, na hapo ndipo nikaapa. Ndani ya gemu hiyo shujaa anapanda joka lenye vichwa vitatu, anavuka bahari ya moto, anakwenda kupigana na malkia wa mapepo. Nikajiuliza, kitu kama hicho nani ataweza kukiharibu?

Kumbe yupo. Ninayekaa naye dawati moja, ambaye baba yake alihamishiwa ofisi ya ardhi kutoka Dodoma na tangu hapo mtoto anajua kila kitu, aliniuliza, "Umeangalia nani kaiongoza?"

"Namjua. Jamaa mkubwa sana."

"Mkubwa wa kuharibu. Huyo akiigusa gemu, wachezaji wanaweka matanga. Na bado anaigusa nyingine."

Nikamwambia aache wivu.

Jumamosi mabenchi yakajaa, na mimi nikaishusha sauti mpaka tumboni nikawakaribisha. Haukupita muda nikaanza kulitafuta joka. Hakukuwa na joka. Kulikuwa na farasi, mmoja, tena anayeonekana hajala. Bahari ya moto ilikuwa dimbwi lenye moshi. Halafu kulikuwa na askari mwenye sharubu nyekundu. Aliuawa mlangoni, akauawa tena msituni, na kofia ni ileile.

Mbele kabisa alikaa dereva wa bodaboda, helmeti mapajani. "Dogo," akaniita, "huyu si ameshakufa?"

"Huyu ni pacha wake," nikajibu kwenye maiki.

Tulipofika darajani sharubu zikafa mara ya tatu.

"Na huyu?"

"Walizaliwa watatu. Mama yao ana msiba mzito leo."

Watu wakacheka, nami nikaona mlango umefunguka. Kiingereza chao kilikuwa kinakimbia, na changu kinatembea kwa magongo. Basi nikaacha kutafsiri. Mdomo ukifunguka kwenye kioo, mimi naujaza ninachotaka. Farasi nikampa malalamiko ya njaa. Shujaa nikamfanya amepotea njia, anatafuta mtaa wa Katubuka, maana msitu ule alikuwa ameupita mara nne na kila mara anaushangaa upya.

Mpaka alipotoka malkia wa mapepo. Gauni lake lilikuwa kama pazia la sebuleni. Akasimama mbele ya shujaa akaanza kufoka, akafoka, na hakuna kingine kilichotokea. Hakuna upanga uliochomolewa wala radi. Nikaishiwa. Benchi la nyuma likaanza kulia, watu wanajigeuza. Mama wawili wakaokota vikapu vyao. Yule wa bodaboda akavaa helmeti.

Kichwani mwangu mwanamke anayeweza kufoka kwa urefu ule yupo mmoja tu.

"Mwidiwe," malkia akamsalimia shujaa kwa Kiha, na mama wenye vikapu wakageuka. "Nakusalimia, unanitolea macho kama samaki mgebuka wa jana. Nimekutuma ndoo ya maji tangu asubuhi, unanirudia na upanga?"

"Mama, nilikuwa napigana," shujaa akajitetea.

"Na suruali ya shule? Mimi nilikuzaa hospitali, au nilikuokota mwaloni kwenye nyavu za watu?"

Helmeti ikavuliwa. Vikapu vikarudi chini. Kila malkia alipofungua mdomo banda lilikuwa linamsubiri, na nilipotangaza kwamba shujaa amemchoma kwa kakisu ka vitunguu, watu wakaguna kwa huzuni. Hakutoka mtu.

Mzee akaja akanipa mkono. "Dijei akipumzika, kiti ni chako. Ila wewe mwanafunzi. Nataka mama yako aseme ndiyo kwanza."

"Nitamwambia jioni, Mzee."

"Kamwambie sasa hivi. Ameshasikia yote."

Ndipo nikaikumbuka spika ya nje, ile inayoelekezwa sokoni kuita wateja. Kutoka kwenye spika mpaka meza ya mama yangu, ya dagaa na mawese, ni hatua thelathini. Nilizitembea kama naenda kuchapwa. Jirani yake wa nyanya akanipokea, "Karibu, shujaa. Upanga umeuacha wapi?" na safu nzima ya wauza nyanya ikapasuka.

Mama alikuwa anapepeta dagaa. Nikamwamkia shikamoo. Nikamweleza habari ya kiti, kwa sauti ambayo hata maiki isingeisikia. Akapepeta. Akapuliza makapi. Akaweka ungo chini, akanitazama, akasema:

"Mwanamke mwenye mdomo ule hauawi kwa kisu cha kumenyea vitunguu. Jumamosi nyingine ukikaa pale, asife. Sasa chukua ndoo."