Kikombe Chekundu Chini ya Sinki

Sukari guru ikiyeyuka chunguni huwa na dakika moja tu ya hatari. Kabla ya hapo inanukia muwa, baada ya hapo imeungua na huna la kufanya. Katikati pale, inapoanza kuvutika na harufu yake kupanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa bafuni, mimi huwa na miaka kumi tena, nimesimama jikoni kwetu Eagan, Amerika, nimekunja ngumi. Wenzangu wakinusa utamu hukumbuka sikukuu. Mimi hukumbuka kisasi. Msinihukumu bado, nisikilizeni kwanza.

Mama yangu alikuwa akihudumia wazee huko Saint Paul, zamu mbili mfululizo, na shule zikifungwa kiangazi hakuwa na pa kuniacha. Kanisani ndiko alikompata Bibi Phulmani. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi kama sisi, mwenye chale tatu nyembamba kwenye paji la uso, aliyeletwa Amerika na mwanawe mhandisi. Waliishi milango mitatu kutoka kwetu. Watu waliiona sari yake wakamwita Mhindi, basi. Yeye alikuwa Muoraoni, kabila la watu wa misitu ya Jharkhand, na ukikosea alikusahihisha mpaka ukome.

Tuliongea kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, changu cha shule, na maneno machache ambayo kwa mshangao wetu tulikuwa nayo wote wawili: chai, duka, gari, sabuni, dunia. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nisingefanya hivyo Mama angenitoa roho, naye akajifunza kuitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea haki yake.

Nyuma ya maegesho palikuwa na mti wenye majani mapana. Bibi aliyachuma, akayapanga duara na kuyabana kwa vijiti vya kuchokolea meno, yakawa sahani. Kwao sahani zilishonwa kwa majani ya mti uitwao sal, na huku vidole vikienda alinisimulia habari za kwao. Siku moja alichana mfuko wa karatasi wa dukani akanichorea wilaya yote: vilima huku, udongo mwekundu huku, msitu, mto, soko la Jumanne. Pembeni ya kijiji akatia vitone vingi. Hivyo vilikuwa mawe, akasema. Wazee wake walifyeka pori lile kwa mikono yao, na kila aliyekufa akawekewa jiwe. Jiwe ndilo lililokuwa hati ya shamba. Wakaja makabaila wakadai karatasi. Wakaja wazungu wakadai kodi. Wakaja walinzi wa msitu wakawakamata watu kwa kuokota kuni nyuma ya nyumba zao wenyewe. Kisha likaja bwawa la umeme. Hapo Bibi alichukua kalamu yangu ya bluu akapaka polepole juu ya kijiji, juu ya mawe, mpaka karatasi ikalowa na kutoboka.

"Umeme ukaenda mjini," alisema. "Sisi tukaenda juu mlimani, kwenye miamba. Na wasichana tukaenda mjini pia, kufuata umeme."

Yeye alipelekwa akiwa na miaka kumi na miwili, kuosha vyombo kwenye nyumba ya watu wakubwa. Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa mtoto, nilitaka kula.

Kulikuwa na mtoto mwingine aliyeshinda kwa Bibi, Anika, wa ghorofa ya chini, rafiki yangu wa damu. Mama yake alitoka mji mkubwa wa India, mwanamke mzuri, ananukia, anacheka na kila mtu kwenye ngazi. Lakini Anika alikuja na chakula chake ndani ya kopo, na hakuruhusiwa kugusa cha Bibi hata kama ni ndizi. Nilidhani ana mzio.

Kisha mchana mmoja mimi na Bibi tukamrudisha Anika kwao. Mama yake akatukaribisha chai. Mimi nikaletewa kikombe cha udongo chenye maua. Kwa ajili ya Bibi, Mama Anika aliinama, akafungua kabati la chini ya sinki, na kati ya sabuni na brashi ya choo akatoa kikombe chekundu cha plastiki. Akakisuuza. Akammiminia kutoka juu, kikombe kikiwa sakafuni, ili mikono isikutane.

Bibi akanywa. Akasuuza mwenyewe. Akakirudisha mwenyewe chini ya sinki, na alijua kabisa pa kukiweka.

Njiani kwenye korido nikamwuliza kulikoni. Akanijibu kama anayetaja hali ya hewa: "Kule mjini nilikokuwa naosha vyombo nilikuwa nacho kama kile. Chekundu pia."

Jamani! Sijui kama mmewahi kuhisi hasira kubwa kuliko miili yenu. Usiku nilimsimulia Mama, nikitegemea avae viatu akamshukie mtu. Akasema hata kwetu wako watu ambao bibi yake mwenyewe hakuwahi kunywa maji kwao, kwa sababu ya ukoo wao tu. Akaona aibu, akaenda kulala. Basi nikaona watu wazima hawana msaada. Nikaapa peke yangu kitandani: yule mwanamke atakula chakula cha mkono wa Bibi, tena mbele ya watu.

Nafasi ikaja Agosti. Wapangaji walikuwa na mlo wa pamoja kwenye ukumbi wa chini, kila nyumba na sufuria yake. Bibi alikuwa ametukaangia arsa, maandazi ya kwao ya mchele uliolowekwa na kutwangwa, ukakandwa na sukari guru. Nikayachukua yote. Nikayaweka kwenye bakuli la Mama, nikafunika na kanga, nikashuka nayo nikiwa na uso wa malaika.

"Vitumbua vya kwetu Moshi," nikamwambia Mama Anika. "Mama kapika."

Alikula kimoja. Akafumba macho. Akala cha pili, cha tatu, akaita wenzake waje waonje. Akasema vinamkumbusha kitu cha utotoni asichoweza kukitaja, akanishika kidevu na kuomba nimletee maelekezo ya mapishi. Nilisubiri. Haki ya Mungu, nilisubiri mpaka cha nne kiwe kimeshuka tumboni. Kisha nikapaza sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Kapika Bibi Phulmani! Kwa mikono yake yote miwili!"

Uso wake ulibadilika rangi. Aliweka sahani chini, akafuta vidole kimoja kimoja, akatoka. Wengine hawakuelewa. Wachache wa kwao walielewa, wakatazama viatu. Nami nikavimba kichwa. Nilipanda ngazi mbili mbili kwenda kumpa Bibi ushindi wake.

Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu.

"Wakati anavisifu," akauliza, "alidhani ni vya nani?"

"Vya mama."

"Kwa hiyo vilikuwa vitamu nilipokuwa sipo."

Nikaanza kujitetea. Akaniinulia kidole. Karatasi ya wilaya yake ilikuwa bado imebandikwa kwenye friji, na ile bluu katikati. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Na wewe umenifunika," akasema. Nililia kwa hasira, maana nilimwona mzee asiye na shukrani.

Anika hakuletwa tena. Hilo nililijua kuwa ni gharama. Lakini Jumamosi iliyofuata Bibi alikaanga arsa upya, akazipanga kwenye sahani ya majani, akavaa sari yake nyeupe yenye ukingo mwekundu, akashuka. Mimi nyuma yake, nimenuna. Akagonga mlango wa Mama Anika.

"Mimi Phulmani. Nimepika. Nimekuletea."

Mama Anika alisema asante, wameshiba. Bibi akasema sawa. Akakaa pale pale kwenye korido, akawagawia waliopita, mmoja mmoja, mpaka sahani ikaisha. Jumamosi iliyofuata akagonga tena. Na iliyofuata. Mti ulipukutika, theluji ikaanguka, akahamia sahani za karatasi, akagonga. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Nilidhani anabembeleza. Nilimwambia hivyo, mjinga mimi, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti, kicheko kibaya kidogo.

Ilinichukua miaka kumwelewa. Mama Anika hakuwa na shida ya kukataa. Shida yake ilikuwa kukataa kwenye mwanga. Kikombe kile kilikuwa rahisi kwa sababu kilikaa gizani, na Bibi mwenyewe alikirudisha. Sasa kila Jumamosi mwanamke yule alilazimika kufungua mlango, kulisikia jina, na kukataa chakula huku majirani wakipita na mifuko yao ya dukani. Mimi nilimwadhibu dakika moja, tena kwa uongo. Bibi alimwadhibu miaka minne, mpaka wale walipohama jengo, bila kusema neno moja baya, akiwa na jina lake mwenyewe mdomoni. Wala hakukigusa tena kile kikombe.

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mwanawe alimwekea jiwe, na nilisimama karibu nalo muda mrefu nikifikiria yale yaliyo chini ya maji.

Mama Anika bado yuko Eagan, nyumba yenye mlango wa kijani, peke yake sasa. Leo ni Jumamosi. Sukari guru imevutika inavyotakiwa, mafuta yamepata moto, na majani nimeyachuma jana. Sitasema ni vitumbua vya Moshi. Nitagonga, nitataja jina la Bibi Phulmani kwanza, kabla hajaonja, kisha nitamnyooshea sahani. Na asipopokea, mchele wa Jumamosi ijayo nimeshanunua.